Kibali cha Mgeni Kisiwe Pingu ya Mfanyakazi

Siku ya Ijumaa, tarehe 19 Septemba 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi tangazo linalowataka waajiri wa nchi ile walipe dola 100,000 kwa kila ombi jipya la kumleta kutoka nje mfanyakazi mwenye ujuzi wa juu, kwa viza iitwayo H-1B. Tangazo hilo lilianza kutumika usiku wa kuamkia Jumapili. Katika muda huo mfupi makampuni makubwa, Microsoft na Amazon yakiwamo, yaliwaandikia wafanyakazi wao wenye viza hiyo kuwashauri kwamba walio nje ya nchi warudi upesi, na walio ndani wasitoke. Ilibidi Ikulu ya Marekani ieleze siku ya Jumamosi kwamba ada hiyo haiwahusu walio na viza tayari, ndipo mioyo ikatulia kidogo.

Ndugu wasomaji, watu waliotiwa hofu siku zile si vibarua wa kutwa. Ni wahandisi, watunga programu za kompyuta, madaktari, wahasibu na wahadhiri wa vyuo vikuu. Mishahara yao ni mikubwa kuliko ile ambayo wengi wetu tutapata kuiona maishani. Lakini siku ile walihangaika kama mpangaji aliyesikia kwamba nyumba imeuzwa. Sababu yake ni moja: karatasi inayowapa ruhusa ya kukaa na kufanya kazi haikuombwa nao, wala haisimami kwa nguvu zao wenyewe. Imeombwa na mwajiri, na husimama maadam mwajiri anaitaka isimame.

Wamarekani wamebishana kwa miaka mingi juu ya viza hii. Wako wasemao kwamba wageni ni wengi mno, na wako wasemao kwamba ni wachache mno. Sasa wanabishana kama dola 100,000 ni ada ya haki au ni ya kukomoa. Hayo yote ni maswali ya kujibiwa. Lakini sisi twaona kwamba liko swali lililo chini ya hayo yote, nalo ni swali la wafanyakazi wa kila nchi: kibali cha mfanyakazi mgeni kishikwe na mkono wa nani?

Viza yenyewe

Asili yake ni sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1952, iliyotenga fungu lililoitwa H-1 kwa wageni wenye sifa na uwezo wa pekee. Mwaka 1990 Bunge la nchi hiyo, liitwalo Kongresi, lilitunga sheria mpya, na Rais George H. W. Bush akaitia sahihi tarehe 29 Novemba. Humo ndimo ilimozaliwa H-1B kama ijulikanavyo hivi leo. Kazi iwe ya kuhitaji shahada ya chuo kikuu, au ujuzi ulio sawa nayo. Mgeni hupewa miaka 3, na aweza kuongezewa mpaka ikafika 6. Idadi ya viza mpya iliwekewa mpaka wa 65,000 kwa mwaka.

Mpaka huo haukukaa mahali pamoja. Makampuni ya kompyuta yalipokuwa yakililia mafundi, Kongresi iliupandisha ukafika 115,000, kisha 195,000 kwa miaka ya fedha ya 2001 mpaka 2003. Mwaka 2004 ukarudi 65,000, na sheria iliyotungwa mwaka huo ikaongeza nafasi 20,000 kwa wageni waliopata shahada ya uzamili au zaidi katika vyuo vya Marekani kwenyewe. Vyuo vikuu na baadhi ya taasisi za utafiti haviingizwi katika hesabu hiyo.

Mgeni hawezi kujiombea kazi ya namna hii. Mwajiri ndiye anayemwombea, naye hutaja kazi ni ipi, ni mahali gani, na mshahara ni kiasi gani. Waombaji wakizidi nafasi, hupigwa bahati nasibu. Kwa mwaka wa fedha wa 2024 majina yaliyoandikishwa yalipita 780,000. Ikaonekana kwamba wengi walikuwa wameandikishwa na kampuni zaidi ya moja ili wapate bahati nyingi, na tangu 2024 serikali ikaanza kumhesabu kila mtu mara moja tu. Desemba 2025 ikatoa kanuni ya kuwapa nafasi kubwa zaidi wale watakaolipwa mishahara ya madaraja ya juu. Wanaonufaika zaidi ni Wahindi: katika mwaka wa fedha wa 2023 walipata kiasi cha asilimia 72 ya maombi yote yaliyokubaliwa, na Wachina wakafuata kwa kiasi cha asilimia 12.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Kabla ya kuendelea twataka jambo moja lieleweke wazi. Sisi hatumlaumu mgeni. Mtu anayeuza ujuzi wake mahali anapoitwa hana kosa, na wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Marekani maneno hayo yametimia kwa maana yake halisi kabisa. Tangu 1994 uko mpango uliopewa jina la Seneta Kent Conrad wa jimbo la North Dakota. Daktari wa kigeni aliyemaliza mafunzo ya ubingwa kwa viza ya kubadilishana wageni hutakiwa kwa kawaida arudi kwao miaka 2. Lakini akikubali kufanya kazi miaka 3 katika eneo lenye uhaba wa madaktari, husamehewa sharti hilo, na miaka hiyo 3 huifanya kazi kwa viza ya H-1B. Siku hizi kila jimbo la Marekani laweza kuwachukua madaktari 30 kwa mwaka kwa njia hiyo. Wagonjwa wa wilaya za mashambani, ambako daktari mwenyeji hakubali kwenda, hutibiwa na mtoto wa India, wa Pakistan au wa Nigeria.

Wala si madaktari peke yao. Satya Nadella, mzaliwa wa India, ambaye tangu 2014 ni mkuu wa kampuni ya Microsoft, ameeleza katika kitabu chake cha 2017 kwamba mwaka 1994 alikuwa na kadi ya ukaazi wa kudumu, akairudisha kwa hiari yake, akaomba H-1B. Alifanya hivyo kwa kuwa sheria ilimchelewesha mkazi wa kudumu kumleta mkewe, ilhali mwenye H-1B aliruhusiwa kuja naye. Twautaja mfano huo kwa sababu waonyesha kwamba hata mtu mwenye ujuzi mkubwa kabisa hulazimika kuipinda njia ya maisha yake ili ipatane na sheria ya karatasi.

Basi mwenye haja ya kumtukana mgeni asitafute maneno yake katika ukurasa huu. Tunalolichunguza ni mkataba uliofanywa juu ya kichwa cha mgeni huyo.

Ulinzi ulioandikwa

Sheria ya 1990 haikumsahau mfanyakazi mwenyeji. Mwajiri hutakiwa kutoa ahadi mbele ya Wizara ya Kazi kwamba atamlipa mgeni mshahara usiopungua ule anaowalipa wafanyakazi wake wengine wa kazi ile, au ule wa kawaida wa mahali pale, ulio mkubwa kati ya hiyo miwili. Huahidi kwamba kuja kwa mgeni hakutaharibu hali za kazi za wenzake. Huahidi kwamba mahali pale hapana mgomo, wala wafanyakazi hawakufungiwa nje. Tena hutakiwa kukijulisha chama cha wafanyakazi, na pasipokuwa na chama, abandike tangazo mahali ambapo kila mtu ataliona. Masharti hayo ni mazuri, na mwanachama yeyote wa chama cha wafanyakazi angeyapigia makofi.

Lakini ahadi bila mkaguzi ni maneno matupu. Kwanza, Wizara ya Kazi imepewa siku 7 tu za kuipitia karatasi ya mwajiri, na kazi yake ni kutazama kama imejazwa sawasawa na kama haina kosa lililo wazi. Haina ruhusa ya kuuliza zaidi wakati huo. Uchunguzi huja baadaye, na aghalabu huja pale tu palipo na mtu aliyelalamika. Nani atalalamika? Mlalamikaji wa kwanza angekuwa mgeni mwenyewe, naye ndiye mwenye sababu nyingi za kunyamaza.

Pili, huo mshahara wa kawaida umegawanywa katika madaraja manne. Chukua wafanyakazi 100 wa kazi moja katika mji mmoja, uwapange kwa mishahara yao kuanzia wa chini. Kwa muda mrefu daraja la kwanza limekuwa ni mahali alipo mtu wa 17, na daraja la pili ni alipo mtu wa 34. Ndiyo kusema madaraja mawili ya chini yako chini ya mtu wa katikati. Taasisi iitwayo Economic Policy Institute ilichunguza kazi za H-1B zilizoidhinishwa katika mwaka wa fedha wa 2019, na taarifa yake ya 2020 ikaonyesha kwamba kiasi cha asilimia 60 zilikuwa katika madaraja hayo mawili. Mtu aweza kujiuliza: ikiwa mgeni huyu ameitwa kwa sababu ya ujuzi wake wa juu, mbona analipwa chini ya fundi wa kati?

Tatu, watu wengi hudhani kwamba mwajiri hana budi kumtafuta kwanza mwenyeji, na kwamba humwita mgeni baada ya kumkosa. Sivyo ilivyo. Sharti hilo huwabana waajiri waliowahi kuvunja sheria makusudi, na wale wanaotegemea sana viza hii, yaani wale ambao katika kampuni ya watu zaidi ya 50, asilimia 15 au zaidi ni wa H-1B. Na hata hao huepuka sharti hilo ikiwa mgeni ana shahada ya uzamili au analipwa angalau dola 60,000 kwa mwaka. Kiasi hicho kiliwekwa mwaka 1998, na hakikubadilishwa tangu siku hiyo, wakati bei za nyumba na za chakula zimepanda na kupanda tena.

Matunda ya mambo hayo yalionekana wazi huko Orlando, katika jimbo la Florida. Oktoba 2014 kampuni ya Disney iliwaarifu wafanyakazi wake kiasi cha 250 wa idara ya kompyuta kwamba kazi zao zitakwisha. Kazi hizo zikapewa makampuni ya kukodi, ambayo baadhi ya watu wake walikuwa wageni wenye viza za H-1B. Wengi wa wale waliopunguzwa walitakiwa wawafundishe kazi watu waliokuja kushika viti vyao, ndipo waondoke. Kampuni ilijitetea kwamba imezalisha kazi nyingi kuliko ilizoziondoa. Baadhi ya wafanyakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2016 mashtaka yao yakatupwa. Wenye kutafuta haki waliambiwa, kwa lugha ya kisheria, kwamba yaliyotendeka hayakuvunja sheria waliyoilalamikia. Hilo ndilo tunalosema: sheria yenyewe iliacha mwanya.

Pingu iko wapi

Sasa tuulize, mwajiri apenda nini kwa mgeni wa H-1B? Tukisema ni unafuu wa mshahara tu, tutakuwa tumesema nusu. Makampuni mengine huwalipa wageni hao mishahara mizuri kabisa. Liko jambo jingine ambalo kwa mwajiri lina thamani kuliko fedha, nalo ni kwamba mfanyakazi huyu haondoki ovyo.

Fikiri hali yake. Akiachishwa kazi, ana siku 60 za kumpata mwajiri mwingine atakayemwombea upya, au kubadili aina ya kibali, au kufungasha mizigo. Hata siku hizo 60 ziliwekwa na kanuni iliyoanza Januari 2017. Kabla ya hapo hazikuwapo kwa kanuni. Katika miezi michache kati ya mwisho wa 2022 na mwanzo wa 2023, Meta ilitangaza kuwapunguza watu 11,000, Google 12,000, Amazon 18,000, na Microsoft 10,000. Mwenyeji aliyepunguzwa alipoteza kazi. Mgeni aliyepunguzwa alipoteza kazi, na papo hapo siku za kukaa kwake, na kwa mkewe na watoto wake, zikaanza kuhesabiwa.

Watasema watetezi wa viza hii kwamba tangu sheria ya 2000 mgeni anaruhusiwa kuhamia kwa mwajiri mpya mara tu ombi jipya linapopelekwa. Ni kweli, na twaikiri kweli hiyo. Wako wanaohama, hasa wakati kazi ni nyingi. Lakini mwajiri mpya lazima akubali kulipa mawakili na ada, na lazima apatikane kabla siku hazijaisha. Mwenyeji anayehama huandika barua ya kuacha kazi na kuanza kwingine. Mgeni anayehama huomba upya haki ya kuwapo nchini.

Tena liko jambo la kadi ya ukaazi wa kudumu, iitwayo kadi ya kijani. Sheria ya 1990 ilitenga kiasi cha nafasi 140,000 kwa mwaka kwa wanaoingia kwa njia ya kazi, pamoja na wake, waume na watoto wao, na kwa kawaida wazaliwa wa nchi moja hawapewi zaidi ya asilimia 7. Nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja na kisiwa chenye watu laki moja vimewekewa kikomo kimoja. Kwa hiyo wengi wa Wahindi husubiri miaka mingi, wengine hata makumi ya miaka. Wakati wote huo huongezewa H-1B zaidi ya ile miaka 6, madhali ombi la mwajiri liko mahali pake. Mume au mke wa mwenye viza hakuruhusiwa kufanya kazi mpaka kanuni ya 2015, na hata sasa huruhusiwa yule tu ambaye mwenzake amekwisha kufika hatua fulani katika foleni ya kadi. Mtoto aliyeletwa akiwa mchanga, akitimiza miaka 21 hutoka katika kivuli cha mzazi wake, na huenda akalazimika kutafuta viza yake mwenyewe katika nchi anayoijua kuliko ile aliyozaliwa.

Mtu mwenye mzigo huo mabegani, akiambiwa leo afanye kazi mpaka usiku bila malipo ya ziada, atasema nini? Akinyimwa cheo alichostahili, atakwenda kwa nani? Akialikwa kujiunga na chama cha wafanyakazi, atafikiri mara kumi. Hakuna aliyemfunga kamba. Milango yote iko wazi, ila nyuma ya kila mlango pana ndege ya kurudi kwao.

Udhaifu wa mmoja ni udhaifu wa wote

Hapa ndipo jambo la mgeni linapogeuka kuwa jambo la mwenyeji. Katika ofisi moja wamekaa wawili, meza kwa meza. Mmoja aweza kusema hapana, mwingine hawezi. Mwajiri atapenda kumwajiri nani kesho? Na yule awezaye kusema hapana, atathubutu kuisema mara ngapi, akijua kwamba mwenzake aliye karibu atasema ndiyo? Hivyo mshahara wa mwenyeji hauvutwi chini na rangi ya mgeni, wala na lugha yake, bali huvutwa na pingu aliyofungwa mgeni huyo. Mkikata pingu, mgeni atadai haki yake kama mwingine yeyote, na mwajiri hatapata faida yoyote katika kumchagua kwa sababu ya unyonge wake.

Sisi wa sehemu hizi za Afrika ya Mashariki hatuhitaji kufundishwa jambo hili kwa vitabu. Wazee wa Kenya waliishi chini ya kipande, kilichotiwa nguvu baada ya Vita Kuu ya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika alipaswa kukichukua, na ndani yake limeandikwa jina la mwajiri. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwachia, mtu hakuweza kwenda kutafuta kazi kwingine bila kujitia hatarini. Hatusemi kwamba mhandisi wa California ni sawa na kibarua wa shamba la mlowezi. Yule alilazimishwa katika nchi yake mwenyewe, na huyu amekwenda kwa hiari na hulipwa vizuri. Tunachosema ni kwamba hila ni ile ile: mshike mtu karatasi yake, nawe umemshika mwenyewe.

Vijana wetu waliokwenda kufanya kazi za nyumbani na za ulinzi katika nchi za Ghuba wameijua hila hiyo kwa jina la kafala, ambapo mdhamini ndiye mwenye neno la mwisho. Na hata huko mambo yameanza kubadilishwa: mwaka 2020 Qatar ilibadili sheria yake ili mfanyakazi aweze kuhama kazi bila kuomba ruhusa ya mwajiri wake wa kwanza. Sheria ni jambo moja na utekelezaji ni jambo jingine, lakini msingi umekubaliwa. Ikiwa katika nchi zile yawezekana kuandika hivyo kwa mfanyakazi wa nyumbani na wa ujenzi, kwa nini isiwezekane Marekani kwa daktari na mhandisi?

Dola 100,000 hazikati pingu

Turudi kwenye tangazo la Septemba 2025. Lilipangwa kudumu miezi 12, na mara moja lilipingwa mahakamani na makundi mbalimbali, wakiwamo waajiri wenyewe. Serikali ilisema kwamba shabaha yake ni kuwalinda wafanyakazi wenyeji. Shabaha hiyo ni njema. Lakini tuitazame dawa yenyewe kwa macho ya mfanyakazi.

Ada hiyo hupandisha bei ya mlango. Kampuni tajiri italipa ikimtaka mtu, na hospitali ndogo ya mashambani itashindwa. Mshahara wa chini katika daraja la kwanza haukupandishwa na ada hiyo hata senti moja. Fedha zake haziingii katika mfuko wa mfanyakazi, awe mgeni au mwenyeji. Na yule mgeni ambaye mwajiri amemlipia dola 100,000 atakuwa huru zaidi au atakuwa amebanwa zaidi? Mtu akinunua kitu ghali, hukifunga kwa kufuli kubwa. Sisi twahofu kwamba ada hii, badala ya kuikata pingu, itaifanya kuwa ya dhahabu.

Dawa iliyo karibu na ugonjwa ni nyingine. Mshahara wa mgeni usipungue ule wa mtu wa katikati katika kazi na mahali pale, kwani aliyeitwa kwa ujuzi alipwe kama mwenye ujuzi. Kile kikomo cha dola 60,000 cha 1998 kifutwe au kifuatane na gharama za maisha. Wizara ya Kazi ipewe wakaguzi wanaoweza kuingia mahali pa kazi bila kungoja mtu alalamike. Siku 60 ziongezwe, zimtoshe mtu kutafuta kazi kama binadamu na si kama mkimbizi. Na kubwa kuliko yote, mgeni akishaingia kwa halali na kufanya kazi yake kwa muda uliowekwa, kibali kiandikwe kwa jina lake, akichukue aendako.

Jambo hili si ndoto. Kanada tangu 1967 huwapima wahamiaji kwa pointi za elimu, lugha na uzoefu, na fundi anayefaulu hupewa ukaazi wa kudumu ulio mali yake, asiwe na bwana wa kumtishia. Kanada nayo haina usafi wote, maana inavyo vibali vya muda vilivyofungwa kwa mwajiri mmoja, na mwaka 2023 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa alivilaumu vikali. Nchi moja, njia mbili: penye karatasi iliyo mkononi mwa mfanyakazi malalamiko ni machache, na penye karatasi iliyo mkononi mwa mwajiri malalamiko hayaishi.

Funzo kwetu

Sisi nasi twaajiri wageni. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya Tanzania, ya 2015, yamtaka mwajiri aombaye kibali cha mgeni aonyeshe mpango wa kurithisha kazi ile kwa wananchi. Hilo ni sharti la busara, ambalo sheria ya H-1B haina, na wafanyakazi wa mahali penye wataalamu wageni wana haki ya kuuliza mpango huo umefika wapi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mtaalamu mgeni, jembe lake ni kufundisha. Lakini tukumbuke pia kwamba mtaalamu huyo ni mfanyakazi kama sisi. Akinyanyaswa, asikimbiwe na chama cha wafanyakazi kwa sababu ya pasipoti yake, kwani mwajiri anayejifunza kumwonea mgeni leo hatakawia kulitumia somo lake kwa mwenyeji.

Na kwa vijana wetu wasomi wanaoitwa kwenda ng'ambo, neno letu ni hili. Nendeni kwa macho yaliyo wazi. Someni mkataba kabla ya kutia sahihi. Wekeni nakala za karatasi zenu zote na za malipo yenu. Jueni ni nani mwenye kibali chenu, ni siku ngapi mnazo akikiondoa, na mshahara mliopewa ni wa daraja la ngapi. Ulizeni chama cha wafanyakazi kiko wapi kabla hamjauliza nyumba ya kupanga iko wapi.

Ujuzi wa mtu ni mali yake, aliyoipata kwa jasho lake na la waliomsomesha. Anayeununua anunue saa za kazi, azilipe kwa haki. Haki ya mtu ya kuondoka mahali asipotendewa mema haimo katika bei hiyo, wala haipasi kuuzwa kwa dola yoyote.